Kifo cha mhusika katika mchezo wa kuigiza wa mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wachezaji wa kikundi chetu cha Mtwara mjini na wageni wanaotutembelea kutoka Mikindani, Masasi na Lindi. Kikundi hukutana barazani kila Jumamosi baada ya Alasiri. Tunatumia kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa kutunga hadithi pamoja ambamo dadu huamua matokeo, toleo la tano la mwaka 2014, na pale ambapo sisi tumejiwekea utaratibu wetu tumeeleza hivyo. Anayeongoza mchezo tunamwita mwongozaji, na mtu wa kubuni ambaye kila mchezaji anamwigiza tunamwita mhusika.

## Mambo ya msingi

1. Pointi za uhai zikifika sifuri, mhusika amekufa?

Hapana, na hili ndilo swali ambalo wageni hulirudia kuliko yote. Pointi hizo hupungua kila mhusika anapoumizwa, na aliyefikia sifuri amezimia. Kila zamu yake inapoanza, mchezaji anarusha dadu ya pande 20 bila kuongeza chochote. Akipata 10 au zaidi amefaulu mara moja. Akipata chini ya 10 amekosa mara moja. Kufaulu mara tatu kunamtuliza, yaani anabaki amezimia lakini hatarushiwa dadu tena. Kukosa mara tatu kunamuua. Hayo si lazima yafuatane. Dadu ikionyesha 1 huhesabiwa makosa mawili, na ikionyesha 20 mhusika anazinduka papo hapo akiwa na pointi moja ya uhai.

Kwa hesabu, mtu aliyeachwa peke yake bila msaada wala pigo jingine ana nafasi ya takriban 6 kati ya 10 ya kupona. Wengi hudhani ni ndogo zaidi ya hapo, ndiyo maana hukata tamaa mapema.

2. Kuna njia ya kufa moja kwa moja bila kurusha dadu hizo?

Ipo. Pigo likimfikisha mhusika sifuri na bado likabaki na madhara yanayolingana na kiwango chake kamili cha pointi za uhai au kuzidi, amekufa hapo hapo. Mfano, mtu ambaye kiwango chake kamili ni 12, aliyebakiwa na 5, akipigwa pigo la 17, tano za kwanza zinammaliza na 12 zilizobaki zinamzika. Wahusika wa ngazi ya kwanza, yaani wanaoanza, ndio wanaokufa namna hii mara nyingi, kwa kuwa kiwango chao ni kidogo.

Aidha, kumpiga aliyezimia kunamwongezea kosa moja, na pigo likitoka kwa adui aliye ndani ya futi 5 huhesabiwa kuwa pigo kuu, nalo ni makosa mawili. Kwa hiyo fisi mmoja aliyesimama juu ya majeruhi ni hatari kuliko mpiga mishale aliye mbali.

3. Mwenzake anaweza kumfanyia nini?

Uponyaji wowote, hata wa pointi moja, unamzindua na kufuta makosa yote yaliyohesabiwa. Asiye na uganga, yaani nguvu za ajabu za kuponya, anaweza kujaribu kumtuliza kwa huduma ya kwanza akitumia ujuzi wa tiba, na anatakiwa kufikisha 10 kwenye dadu pamoja na nyongeza zake. Mwenye mkoba wa mganga hahitaji hata kurusha dadu. Mkoba huo ni wa bei ndogo, na tunashangaa kila mara kikundi kinapoingia pangoni na kamba tatu, mapanga manne na mkoba hakuna.

4. Kwa nini kifo kiwepo kabisa, ikiwa huu ni mchezo?

Swali hili lina haki ya kuulizwa, kwa kuwa vipo vikundi vinavyocheza bila kifo na vinafurahi. Sisi tumekibakiza kwa sababu mchezaji anayejua kwamba mhusika wake hawezi kufa huacha kusikiliza. Mwongozaji anaeleza daraja bovu, yeye anapekua simu. Akijua kwamba daraja hilo linaweza kummaliza, anauliza kamba zimefungwa wapi, mbao ni za mti gani, na nani alivuka mara ya mwisho. Maswali hayo ndiyo mchezo wenyewe.

## Kabla ya kuanza

5. Tukubaliane nini kuhusu kifo kabla ya kikao cha kwanza?

Mambo matatu, na yaandikwe. La kwanza, kifo kinaweza kutokea wakati gani: vita vyovyote, au vita vikubwa tu ambavyo mwongozaji atavitangaza? La pili, kufufuliwa kunawezekana katika dunia yenu, na ni adimu kiasi gani? La tatu, ni aina gani za vifo ambazo hakuna anayetaka kuzisikia zikielezwa? Katika kikundi chetu mmoja aliomba kusiwe na mtu anayezama majini, na hakuulizwa sababu. Mji wa pwani una sababu zake.

Makubaliano ya namna hii huchukua nusu saa. Kikundi kilichoyaruka hulazimika kuyafanya baadaye, maiti ikiwa mezani na mwenyewe amenuna.

6. Mchezo una wafu, mizimu na ufufuo. Huu si ushirikina?

Wazazi wawili walituuliza hivyo, na tuliwajibu kwa kuwakaribisha wakae kikao kizima. Walichokiona ni vijana sita wakibishana juu ya hesabu ya kujumlisha. Hata hivyo, tumejiwekea mpaka ambao tunaupendekeza kwa kila kikundi cha huku: hakuna dua, sala wala kisomo cha kweli kinachotumiwa mezani, na hakuna mzimu wa ukoo wala jina la marehemu wa kweli linaloingizwa kwenye hadithi. Mhusika akifa, makuhani wake wa kubuni wanasoma maneno ya kubuni. Vivyo hivyo mambo ya jando na unyago hayaguswi, kwa kuwa yana wenyewe.

7. Nyumbani dadu haziruhusiwi kwa sababu ya kamari. Tufanyeje?

Hakuna fedha wala dau katika mchezo huu, lakini hatubishani na mwenye nyumba. Andikeni namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi vinavyolingana, mvikunje, mvitie kwenye kofia na kuchota kimoja kimoja. Kila kikaratasi kilichochotwa kirudishwe kabla ya kuchota tena, kwani kisiporudishwa nafasi za namba zilizobaki hubadilika na hesabu ya swali la 1 haitakuwa ile ile.

8. Kanuni zinapatikana wapi bila kununua kitabu?

Waraka wa kanuni za msingi za toleo la tano ulitolewa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, hivyo ni halali kuuchapisha stesheneri na kuugawa. Uko kwa Kiingereza. Sisi tumetafsiri kurasa za kufa na kupona tu, kwa kuwa ndizo zinazogombewa.

## Siku ya kifo yenyewe

9. Mwongozaji anaweza kuficha matokeo ya dadu ili kumwokoa mhusika?

Anaweza, na sisi tunamshauri asifanye hivyo. Wachezaji hugundua, kama si siku hiyo basi mwezi unaofuata, na tangu hapo kila aliyepona hujiuliza kama alipona kweli au alihurumiwa. Mwongozaji ambaye hataki mtu afe aamue kabla dadu haijarushwa: adui amteke badala ya kumuua, mto umtupe ufukweni, jambazi adai fidia. Dadu ikishatoka mkononi, ihesabiwe.

Tutaeleza kifo kimoja ili jambo hili lieleweke. Hadithi yetu ilikuwa inapita katika magofu ya mji wa kisiwani ambao tuliuiga kutoka Kilwa Kisiwani, kwa kuwa wengi wetu tumewahi kuvuka na kuona Husuni Kubwa na lile birika lake la pembe nane. Nahodha Mbaruku, mhusika aliyekuwa nasi tangu kikao cha kwanza, alianguka pembeni ya birika kama hilo akiwa na makosa mawili na kufaulu mara mbili. Mchezaji wake alirusha dadu, ikazunguka kwenye sinia la kashata, ikagonga kikombe cha kahawa na kutulia kwenye 9. Kimoja tu kilipelea. Mtu mmoja alisema, "Irushe tena, imegonga kikombe." Mwenyewe akajibu, "Acha, kaka. Imeshasema." Mwongozaji angekuwa na mazoea ya kuficha, maneno hayo yasingetoka.

10. Mwongozaji aseme nini dakika hiyo?

Aseme machache. Sisi tunampa mchezaji mwenyewe nafasi ya kueleza pumzi ya mwisho ya mhusika wake: alisema nini, aliangalia wapi, mkononi alishika nini. Vita visimame mpaka amalize, hata kama kanuni inataka zamu inayofuata. Kosa linalofanywa na waongozaji wapya ni kuendelea na hesabu za adui kana kwamba kilichotokea ni kikombe kuvunjika.

11. Aliyefiwa na mhusika akae tu akiangalia wenzake hadi usiku?

Kwa maoni yetu hapa ndipo vikundi vinapovunjika. Kifo chenyewe mtu hukivumilia. Asichoweza kukivumilia ni saa tatu za kukaa barazani bila neno la kusema huku wengine wakiendelea kucheka. Mpeni kazi mara moja. Anaweza kuwaigiza maadui waliobaki, na mara nyingi hufanya hivyo kwa ari ya kutisha. Anaweza kumchukua mbeba mizigo au rubani aliyekuwa akitajwa tu pembeni. Akipendelea kuondoka aondoke, lakini mmoja wenu amsindikize hadi barabarani. Hilo si suala la kanuni bali la utu.

12. Ni lazima mhusika afanyiwe msiba?

Si lazima, lakini sisi hatuachi. Huku Kusini mtu akifa shughuli husimama, jamvi hutandikwa, na hata waliogombana naye huja kukaa. Kikundi ambacho mwenzao amekufa saa kumi na saa kumi na robo wanagawana dhahabu kinawafundisha wachezaji wote kwamba hakuna haja ya kumpenda mhusika.

Msiba wetu huchukua kati ya dakika kumi na ishirini, mwanzoni mwa kikao kinachofuata. Kila mhusika anaeleza jambo moja alilolishuhudia, na lazima liwe limetokea kweli mezani, lisibuniwe siku hiyo. Kisha tunamteua mtani. Utani wa makabila unajulikana sana mikoa hii, na kila aliyehudhuria msiba wenye watani anajua jinsi wanavyoweza kumcheka marehemu mbele ya wafiwa bila mtu kukasirika, na jinsi kicheko hicho kinavyowaondolea watu uzito. Mtani wa Mbaruku alilala chali sakafuni, akadai deni la vipande vinane vya dhahabu na kusema hatanyanyuka mpaka alipwe, kwa kuwa nahodha aliwahi kumkopa akanunue kasuku. Tulicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Karatasi ya Mbaruku ilikuwa ya penseli, na sehemu ya pointi za uhai ilikuwa imefutwa kwa kifutio mara nyingi hadi ikatoboka. Iko kwenye bati la biskuti pamoja na za wenzake waliotangulia. Hatuzichani.

## Kufufua

13. Kufufua kunagharimu nini?

Katika kanuni za 2014 kila njia ina muda wake na bei yake. Uganga wa daraja la 3 unamrudisha aliyekufa ndani ya dakika moja iliyopita, nao unateketeza almasi za thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Ule wa daraja la 5 unamrudisha aliyekufa kwa siku zisizozidi 10, unatumia almasi ya vipande 500 na huchukua saa nzima; anayerudi hupunguziwa 4 kwenye mashambulizi na majaribio yake, na upungufu huo hupungua kwa 1 kila anapolala usingizi kamili. Wa daraja la 7 unafika hadi miaka 100 kwa almasi ya vipande 1,000. Wa daraja la 9 unafika miaka 200 na hauhitaji hata mwili, ila almasi zake ni za vipande 25,000. Uganga wa daraja la 3, la 7 na la 9 haumrudishi aliyekufa kwa uzee.

14. Wachezaji wana dhahabu nyingi na kifo kimekuwa kama nauli ya daladala. Tufanyeje?

Msipandishe bei, wataitafuta tu. Punguzeni almasi zenyewe. Dhahabu haifufui mtu, almasi ndiyo inayofufua, na hakuna kanuni inayosema kila mji unauza almasi. Katika dunia yetu mfanyabiashara mmoja tu anazo, yuko ng'ambo ya mto mkubwa tulioufananisha na Ruvuma, na anauza kwa mnada, ambapo mnunuzi hutia bei yake bila kuijua ya mwenzake. Tangu hapo kila maiti imekuwa safari, na siku 10 za swali la 13 zimepata maana.

15. Marehemu anaweza kukataa kurudi?

Ndiyo. Kanuni zinataka roho iwe huru na iwe tayari. Mchezaji aulizwe faraghani, si mbele ya wenzake waliokwisha kutoa almasi, kwani wapo waliorudi kwa haya na wakaacha mchezo baada ya wiki mbili.

## Mhusika mpya

16. Aanze ngazi gani?

Ngazi ile ile ya wenzake. Vikundi vingine humshusha moja kama adhabu, nasi tulijaribu. Matokeo yake ni kwamba aliyekufa mara moja hufa tena upesi, kwa kuwa ni dhaifu kuliko wote.

17. Mali ya marehemu ni ya nani?

Kama mhusika aliacha wosia kwenye karatasi yake, ufuatwe. Kama hakuacha, silaha zenye nguvu za ajabu zinabaki na kikundi, na dhahabu inapelekwa kwa jamaa zake ndani ya hadithi. Mhusika mpya hairithi. Tusipofunga mlango huu, mtu mmoja anaweza kufa mara nne na kikundi kikajikuta kina mapanga manne ya moto.

18. Mchezaji anataka kumleta pacha wa marehemu, mwenye jina linalokaribiana. Tukubali?

Tukubali ndugu, tusikubali nakala. Ndugu anayekuja kuuliza kaka yake alikufaje ni zawadi kwa mwongozaji, mradi awe na ujuzi, tabia na kasoro tofauti.

## Hali zisizo za kawaida

19. Dadu ilirushwa umeme ukakatika. Inahesabika?

Limetutokea. Taa zilizimika dadu ikiwa hewani, na tochi ya simu ilipowashwa ilikuwa chini ya mkeka ikionyesha 1. Hakuna aliyejua kama kuna mguu ulioigusa. Tuliamua kwamba dadu isiyoonwa ikitulia haihesabiki, irushwe upya penye mwanga. Uamuzi huo uandikwe siku ambayo hakuna anayekaribia kufa, kwa kuwa ukitolewa siku yenyewe utaonekana ni wa upendeleo.

20. Mchezaji hayupo. Mhusika wake anaweza kufa?

Kwetu, hapana. Msimu wa korosho unapoanza, Oktoba hivi, wenzetu wawili hupotelea Newala na Tandahimba kwa wiki kadhaa. Wahusika wao hubaki mjini wakitengeneza jahazi. Mchezaji akitaka wenzake wamchezee, atoe ruhusa mwenyewe na aseme waziwazi kama ruhusa hiyo inahusu kifo.

21. Kosa la kanuni limegunduliwa wiki moja baadaye, na bila kosa hilo mhusika angepona.

Mwongozaji akiri, kisha mwenye mhusika achague. Akitaka arudi, atafutiwe sababu ndani ya hadithi, kwa mfano kwamba walimzika mtu aliyetulia tu na akasikika akigonga. Akitaka abaki mfu, aachwe. Jambo baya zaidi ni mwongozaji kujua na kunyamaza.

22. Kikundi chote kimekufa. Ndiyo mwisho?

Inategemea kama mmechoka. Kama mna hamu, wahusika wapya wanaweza kutumwa kuwatafuta wa kwanza, wakapita kwenye njia ambazo wachezaji wanazijua na wahusika hawazijui. Tahadhari moja tu: kuwaamsha wote gerezani bila maelezo kunafaa mara moja. Ukirudia, rejea swali la 4.

23. Mhusika mmoja amemuua mwenzake.

Tunasimamisha mchezo kabla dadu ya pigo haijarushwa na kuwauliza wachezaji wote wawili kama wamekubali. Mmoja akisema hapana, pigo halikutokea. Katika jambo hili hatuna majadiliano.

24. Mchezaji amefiwa kweli nyumbani. Tuendelee na hadithi yenye kifo?

Kikao kinaahirishwa na watu wanakwenda msibani. Akirudi, hata baada ya arobaini, mwongozaji ampigie simu kabla ya Jumamosi na amweleze kilichomo katika kikao: kama kuna maiti, kaburi au mgonjwa. Yeye ndiye atakayesema kama yuko tayari. Mwenzetu mmoja alisema yuko tayari, akaja, na tulipofika kwenye lango la makaburi ya kubuni aliweka dadu chini akasema, "Leo mimi nibaki na punda nje." Mwongozaji alimpa punda jina, na wawili hao walikaa langoni hadi Magharibi.